Kuni Kwenye Kamba ya Nguo

Simu iliita Jumatatu asubuhi. Mzee Ratili aliipokea akiwa amesimama katikati ya uwanja uliojaa matope, kidole kimoja amezibia sikio la pili ili asipotewe na neno hata moja.

"Baba, daktari amemruhusu mama. Anatoka Ijumaa, nitamfikisha saa nane mchana."

"Mungu ashukuriwe! Hapo umeniondolea—"

"Subiri, baba, sijamaliza." Sauti ya binti yake ilikuwa ile ya kazini, ile anayoitumia kwa wagonjwa wabishi. "Mapafu yake bado ni mabovu. Haruhusiwi kupigwa na baridi na haruhusiwi kuvuta moshi. Nikimleta nikaona moshi humo ndani, hata wa uzi, sivui viatu. Nageuka naye, nakwenda naye kwangu."

"Kwa siku ngapi?"

"Baba, mimi nina chumba kimoja, unakijua. Nikishamhamisha siwezi kumrudisha kila mvua ikikatika. Akija kwangu amekuja."

Mzee alitaka kumwambia kuhusu mti na daraja, lakini simu ilikuwa imebaki na chaji ya kuhesabu kwa kucha, na umeme ulikuwa umekatika tangu Jumamosi. Akasema tu, "Mlete, mama. Moshi hautakuwepo." Simu ikazimika mkononi mwake kama iliyochoka kusikia uongo.

Maana ukweli ulikuwa umelala pale mbele yake. Dhoruba ya Jumamosi ilikuwa imeung'oa mti wa uani, mti mnene usiokumbatika na mtu mmoja, na mti huo kati ya sehemu zote za kuangukia ulikuwa umechagua kibanda cha kuni. Kuni kavu za msimu mzima zilizama kwenye tope, zikanywa maji mpaka zikavimba. Daraja nalo lilichukuliwa na mto, na ingawa hospitali iko upande huu, gari la mitungi ya gesi na gari la mkaa yote hupita darajani. Mtungi wa jikoni ulikuwa mtupu, ukiugonga unalia kama ngoma. Kilichobaki ni jiko lao la chuma lenye bomba la kutoa moshi nje, ambalo halina ubaya wowote likilishwa kuni kavu, na mti mmoja mbichi unaotoka utomvu kila shoka linapougusa.

Siku nne. Na baridi ya msimu ule ilikuwa ya kuuma mifupa, hata nyumba isiyo na mgonjwa ilihitaji moto.

Sasa hilo Ratili si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na wapagazi wa ghala la nafaka alikokuwa mpimaji kwa miaka thelathini na minne. Siku moja, zamani sana, alilirudisha lori zima kwa sababu gunia moja lilipungua ratili moja, uzito usiofika nusu kilo, na tajiri mwenye lori akalia machozi ya kweli pale mizanini. Tangu hapo akawa Ratili. Hakulichukia jina. Alikuwa mtu asiyejua kusema "kidogo" wala "nyingi". Ukimkaribisha chakula akishiba husema, "Nimekula kama gramu mia tano hivi." Mkewe alipolazwa, wenzake waliuliza anaumwa nini, yeye akauliza ana kilo ngapi. Akaambiwa arobaini na tatu. Alitoka nje ya wodi akashika ukuta, maana yeye ndiye pekee aliyejua kwamba mwanamke huyo siku ya harusi alikuwa na hamsini na nane. Alimpima mwenyewe, kwenye mizani ya ghala, na gauni lake la harusi, wakicheka wote wawili.

Siku aliyostaafu walimpa mizani ya kuning'iniza, yenye ndoano na uso wa saa. Akaitundika kwenye boriti ya baraza, na kila kilichoingia mle ndani kilipita pale: samaki, sabuni, mto wa kulalia, hata paka.

Kwa hiyo alipozitazama kuni mbichi, Mzee hakuona mti. Aliona maji. Alijua kwamba karibu nusu ya uzito ule ni maji yaliyojificha ndani ya nyuzi, na kwamba maji yakitoka, mizani itasema. Akajifunga kibwebwe. Jumatatu nzima alikata magogo mafupi ya urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, akayapasua mara mbili mbili, akayapanga safu juu ya safu, moja kwa urefu na nyingine kwa upana, kama watoto wanavyojenga nyumba ya njiti. Akachagua vipande kumi, akavipima kimoja kimoja, akaviandikia uzito kwa chaki. Kilo mbili na nusu. Kilo mbili na robo. Mwandiko safi, kama wa ghalani.

Kisha akafanya alichokifanya jioni zote za miaka thelathini na minne. Alichukua turubai kubwa, akalifunika rundo lote kutoka juu mpaka chini, akavuta pembe, akazikandamiza kwa mawe, akazunguka kuhakikisha hakuna hata tundu la kuingiza kidole. Akarudi nyuma, akatazama kazi yake, akaridhika.

Jumanne asubuhi alifunua upande, akapima. Vipande vilipungua kidogo, yaani kwa lugha yake gramu themanini. Akafunika. Jumatano vilipungua gramu thelathini. Akafunika. Mkono ulikuwa umemtoka malengelenge kwa shoka, lakini aliyafunga kwa kitambaa, akaendelea kuchanja mengine. Usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande. Kila akifumba macho alikiona kile chumba cha binti yake, ghorofa ya nne, kitanda cha binti, godoro moja la mgeni, na ngazi ambazo magoti yake yeye hayaziwezi. Angekuwa anakwenda kumtembelea mke wake mwenyewe, tena kwa kuteremshiwa chini kama kifurushi.

Alhamisi asubuhi alipima kipande cha kwanza. Hakikupungua hata gramu. Cha pili, vilevile. Vyote kumi, vilevile.

"Imesimama," alijiambia kwa furaha. Uzito usiposhuka tena, maji yamekwisha. Hiyo ndiyo hesabu, na hesabu haikuwahi kumdanganya. Akabeba mzigo wa kwanza hadi ndani, akafunga madirisha ili nyumba ianze kupata joto tangu siku hiyo, akajaza jiko, akawasha kwa magazeti ya zamani.

Magazeti yaliwaka vizuri. Kuni zikalia. Zilianza kutoa sauti ya fiii, na kwenye ncha zake povu likachemka, jeupe, likidondokea makaa. Halafu moshi ukaja. Haukuja kwa adabu. Ulipanda kwenye bomba ukiwa mzito na baridi, ukashindwa njia, ukarudi. Ukatokea mlangoni mwa jiko, ukatokea kwenye viungo vya bomba, ukajaa jikoni, ukaingia sebuleni, ukaingia chumbani kwenye kitanda alichokuwa amekitandika shuka safi kwa ajili ya Ijumaa. Mzee alifungua mlango wa jiko ili apulizie, akapokea moshi wa uso mzima. Akaanguka kwa magoti akikohoa.

"Mzee Ratili! We Mzee Ratili! Unachoma nyumba au unafukuza nyuki?"

Alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, mama mmoja dobi, mjane, mwenye mikono mikubwa iliyokunjamana kwa maji na mdomo usio na likizo. Aliingia bila hodi, akafungua madirisha yote kwa kishindo, akachota maji ya ndoo akayamwaga jikoni. Jiko likapiga kelele, likanyamaza.

"Kuni zimekauka," alisema Mzee, machozi yanamtiririka. "Sielewi. Zimekauka. Mizani imesimama."

"Imesimama?"

"Siku ya tatu leo napima. Leo hata gramu haikushuka."

Dobi alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wa homa. Kisha akatoka hadi uani, akashika pembe ya turubai, akalivuta lote kwa mkupuo mmoja. Tumbo la turubai lilikuwa limelowa. Matone yalining'inia humo kama jasho la mtu anayekimbia, na rundo lenyewe lilitoa mvuke mwembamba kwenye baridi ya asubuhi.

"Njoo ushike hapa. Ni nini hii?"

"Maji."

"Ya mvua?"

"Mvua haijanyesha tangu Jumapili."

"Basi yametoka wapi, kama si ndani ya kuni? Yametoka, yamegonga turubai, yamerudi nyumbani kulala. Mzee wangu, mimi nikichukua shuka mbichi nikaifunika kwenye beseni, kesho nikaipima, itakuwa na uzito uleule wa leo. Nikuite uje uivae?"

Ghalani, nafaka ilikuja kavu, na unyevu ulikuwa adui wa nje. Kufunika ndiko kulikuwa kulinda. Kwa miaka yote ile hakuwahi kufikiria kitu ambacho adui yake yuko ndani. Alikuwa amemfungia adui mlango na kumlinda kwa siku tatu.

Akakaa juu ya gogo. Akashika tama.

"Kesho saa nane binti yangu anamleta mama yake," alisema. "Akisikia hiyo harufu tu, anampeleka. Nimeshampoteza, jirani."

Dobi hakumjibu kwa upole, maana hakuwa na muda wa upole. "Upepo unaanza saa nne. Ukikaa hapo utaupata wa kukausha machozi. Inuka. Shoka lako linakata au linapapasa?"

"Linakata."

"Pasua nyembamba. Si hivi vipaja vya ng'ombe. Nyembamba kama kidole, na gome lote toa, gome ni koti la mvua. Kinachokausha ni upepo, jua ni msindikizaji tu. Muulize mtu aliyelea watoto wanne kwa kamba ya nguo. Nina kamba sita kule kwangu, na wiki hii nani ataleta nguo na daraja limekwenda? Tutazianika."

"Kuni? Kwenye kamba ya nguo?"

"Ulitaka kuzivalisha?"

Basi Mzee akapasua. Aliacha kuhesabu malengelenge. Alipasua gogo, akapasua nusu, akapasua robo, mpaka kuni zikawa fito, akachuna gome kwa kisu likitoka kwa vipande virefu vyenye kuteleza. Dobi alifunga fito mbili mbili kwa uzi, akazipandisha kwenye kamba, moja huku na moja kule, kama miguu ya suruali. Zilizo nyembamba zaidi alizibana kwa vibanio. Kufikia saa tano kamba tatu zilikuwa zimejaa, na fito zilikuwa zinagongana kwenye upepo.

Mwanamke mmoja alipita njiani na ndoo kichwani, akasimama. "Dobi, hizo suruali za nani?"

"Za mume wako! Nimeshangaa, hazina pa kukaa makalio!"

Yule alicheka mpaka maji yakamwagika. Mzee hakucheka. Alikuwa amerudi kwenye mizani ya barazani na kupima kifungu kimoja cha fito ishirini: kilo mbili kamili. Saa saba, kilo moja na gramu mia saba. Saa tisa, moja na nusu. Mizani ileile. Kumbe haikuwa na kosa lolote. Yeye ndiye aliyeiuliza swali lisilo lake.

Lakini kulikuwa na jambo la pili. Nyumba ilinuka. Mapazia, shuka, kitambaa cha meza, hata kuta, vyote vilikuwa vimekunywa moshi. Dobi aliingia, akanusa mara moja, akaanza kung'oa mapazia.

"Haya lazima yafuliwe leo. Na shuka. Na hilo blanketi."

"Yataanikwa wapi? Kamba zimejaa."

Wakatazamana. Kila kamba iliyochukuliwa na pazia ilikuwa kamba iliyopotea kwa moto. Mzee alitazama fito, akatazama blanketi ambalo mkewe alilala nalo miaka yote, akatazama jua. "Toa kamba mbili," alisema mwishowe. "Afadhali moto mdogo kuliko harufu." Kisha yeye mwenyewe akalowesha kitambaa kwa maji na sabuni, akapanda kwenye kiti, akaanza kufuta kuta za chumba, kona kwa kona, na magoti yake yakilalamika kwa sauti. Fito zilizokosa kamba alizitandaza juu ya bati la banda la kufulia, zisigusane.

Jioni, kabla umande haujashuka, waliingiza vyote kwa dobi, kwenye chumba chake cha kupigia pasi. Kilo moja na gramu mia tatu na hamsini. Dobi aligonganisha fito mbili sikioni mwake. "Bado zinasema du. Zikikauka zitasema ko. Ukilala leo, lala na roho nzuri, upepo wa kesho utamaliza."

Upepo wa kesho haukuja.

Ijumaa kulipambazuka na ukungu mzito kiasi kwamba Mzee hakuliona jiko la nje la dobi, lililokuwa hatua kumi. Kamba zilining'inia zimelowa, kila moja na mstari wa matone. Saa mbili, ukungu. Saa tatu, ukungu. Aliinua mkono, akasikia hewa haina mwendo hata wa kutikisa unywele.

"Jirani," alisema, "nje kwako moshi haumdhuru mtu."

"Haumdhuru."

"Basi nichomee hayo magogo mabichi na mabao ya kibanda kwenye jiko lako la kuchemshia nguo, yatoe moshi mpaka yachoke. Mimi nataka yanipashie matofali tu."

Alikuwa amefikiri usiku. Dobi alikuwa na pipa bovu, lisilo na kitako wala kifuniko. Walililaza uani, wakaliinua kidogo upande mmoja ili hewa ipite, wakatandika wavu wa waya katikati, juu yake fito zilizokaribia kukauka, nyingine zikabaki chumba cha pasi. Matofali yaliyopata moto kwenye jiko la nje Mzee aliyachukua kwa koleo, akayaingiza chini ya wavu. Hewa ya moto ikaingia huku, ikatokea kule, nayo ilitoka na unyevu. Ukiweka kiganja mdomoni mwa pipa kinalowa. Tofali likipoa linarudi motoni, la moto linakuja. Saa nne na nusu: kilo moja na gramu mia mbili. Saa tano: moja na mia moja. Dobi akagonganisha. "Sikiliza! Ko!"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu Mzee alivuta pumzi mpaka mwisho. Akaongeza matofali mawili, halafu la tatu, ya moto kabisa, mekundu pembeni, ili amalizie kwa haraka.

Hapo ndipo alipokosea. Fito moja ya chini ilikuwa imeshuka kupitia tundu la wavu na kulala juu ya tofali. Ilikuwa kavu sasa, kavu kweli. Ikawa nyeusi, ikatoa cheche, na kabla Mzee hajageuka na koleo, pipa lilikuwa bomba la moto lenye kunguruma.

"Toa! Toa!" alipiga kelele dobi.

Mzee hakutafuta koleo. Aliingiza mikono, akavuta wavu na kila kilichokuwa juu yake, akauburuta kwenye majani yenye umande. Fito zinazowaka alizikanyaga, nyingine akazitupa kando. Dobi alimwagia maji mikono yake, si kuni. Hata katika kishindo kile alikumbuka kwamba tone moja pale lingefuta kazi ya siku mbili.

Walipookota, theluthi mbili zilikuwa majivu au makaa. Zilibaki nzima fito za kukumbatia kwa mkono mmoja. Mzee alizitundika kwenye ndoano. Kilo tatu na gramu mia nne. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kuvimba.

"Zinatosha?" aliuliza dobi kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Za kupasha chumba leo, zinatosha. Nikikosea kuwasha, hakuna za kuwasha mara ya pili."

Na gari lilipiga honi. Saa ilikuwa sita na robo. Binti alikuwa amekuja mapema.

Aliingia kwanza yeye, muuguzi, na koti lake la kazi chini ya sweta. Alinusa akiwa bado mlangoni. Akanusa tena. "Shikamoo, baba. Mkono una nini?"

"Marahaba. Nimeungua kidogo." Alisema kidogo, yeye ambaye hajawahi kulitumia neno hilo.

"Na moto uko wapi? Humu ndani kuna baridi ya chumba cha maiti. Baba, nilikwambia."

"Ulinipa mpaka saa nane. Naomba robo saa."

Nyuma ya binti, kwenye mkono wa dereva, alisimama mke wake. Alikuwa amejifunga kitenge mabegani, amekuwa mdogo, macho tu ndiyo yaliyobaki na ukubwa wake. Alimtazama mumewe kuanzia majivu ya nywele hadi matope ya miguu.

"Umekonda," alimwambia.

"Kilo nne," alijibu Mzee. Kicheko kikamtoka mkewe, kikageuka kikohozi, na binti akamshika kiwiko papo hapo, akamkalisha kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango. Dereva aliambiwa asizime gari. Binti akafungua dirisha lote, baridi ikaingia, naye akasimama pale, mkono kwenye komeo.

"Robo saa, baba. Nimeangalia saa."

Mzee alipiga magoti mbele ya jiko. Kwanza alisokota gazeti, akaliwasha, akaliingiza juu, kwenye shingo ya bomba, ili bomba lenyewe lipate joto na kuvuta. Kisha akapanga vitawi vilivyokufa zamani juu ya mti, alivyovikwanyua kwenye matawi ya kileleni. Hivyo havikuwahi kulowa ndani. Juu yake fito tano tu, zimeachana. Akaacha mlango wa hewa wazi wote. Kidole kilichoungua kilikataa kushika kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikazimwa na upepo wa dirishani. Hakuthubutu kuomba dirisha lifungwe.

Ya tatu ilishika.

Vitawi vikalia kama mafuta kwenye kikaango. Mwali ukapanda kwenye fito, ukazilamba, na kutoka pembeni mwa mlango wa jiko ukachomoza moshi. Mwembamba, wa kijivu, kama uzi. Ukapanda polepole kuelekea darini. Binti aliuona. Mzee alimwona anauona. Aliona mkono wa binti ukiacha komeo na kwenda kwenye bega la mama yake.

"Twende, mama."

"Subiri," alisema mama.

"Mama, tulikubaliana."

"Nimesema subiri. Miguu yangu, mimi ndiye ninayejua inasimama lini."

Uzi ule ulitikisika. Ukasimama hewani kama mtu aliyesahau anakokwenda. Halafu jiko likavuta. Lilitoa mlio wa chini, mfululizo, kama mtu anayekunywa uji wa moto, na uzi wa moshi ukageuka, ukarudi chini, ukaingia mlangoni mwa jiko, ukapotea. Mzee aliongeza fito mbili. Zikashika bila povu na bila kulia.

Nje, dobi alikuwa amesimama katikati ya njia, kichwa amekiinua kuelekea bomba. "Mweupe!" alitangaza kwa mtaa mzima. "Mweupe bado! Unapungua! Haya, umekatika! Natazama bomba naona mawingu tu! Mzee Ratili, njoo uone, unachoma hewa!"

"Huyo ni nani anapiga kelele hivyo?" aliuliza dereva kutoka garini.

"Dobi," alisema mke wa Mzee, na akaanza kucheka tena. Akakohoa. Binti aliinama, akaweka sikio mgongoni mwa mama yake, akasikiliza kwa muda uliokuwa mrefu kwa Mzee kuliko wiki tano za hospitali. Mzee hakugusa kuni.

"Ni kicheko," mama alisema. "Mate yamenipalia. Ondoa sikio lako, mwanangu, unanitekenya."

Binti alisimama wima. Alikwenda mpaka kwenye jiko, akainamisha uso kwenye kiungo cha bomba, akanusa. Akapitisha kidole ukutani, akakitazama. Akaingia chumbani, akanusa blanketi lililokunjwa kitandani. Ilikuwa harufu ya sabuni tu.

"Baba, kuni hizi umezitoa wapi, na daraja limekatika?"

"Uani."

"Zile mbichi?"

"Zilikuwa mbichi. Na za kesho bado hazijakauka, sikufichi. Ukungu ukiondoka zitarudi kambani."

"Na usipoondoka?"

"Nina matofali. Safari hii sitayaacha peke yake."

Binti hakuelewa habari ya matofali, na hakuuliza. Aliitazama saa yake. Alimtazama baba yake, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, mkono ulioungua ameushika kwa ule mzima, akimwangalia yeye kama lori linavyongoja pale mizanini. Joto lilikuwa limeanza kufika kwenye kiti cha mlangoni. Mama alikuwa amelegeza kitenge shingoni.

"Mwanangu," alisema mama, "hilo dirisha. Hiyo baridi inaniingia."

Binti alivuta hewa kwa pua mara moja tena, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akachungulia nje, akamwambia dereva azime gari, akavuta dirisha, akalifunga kwa komeo.